Dawa ya mbu iko shambani kwetu, kinachokosekana ni kipimo

WAKATI wa masika yaliyopita nilikwenda Muheza, mkoani Tanga, kumjulia hali shangazi yangu baada ya kupata habari kuwa anauguza mjukuu. Nilipofika nilimkuta mtoto amesharuhusiwa kutoka hospitalini, amelazwa kwenye mkeka barazani, amekonda, hana hata hamu ya kuwafukuza kuku waliokuwa wakimkanyaga miguuni. Malaria ilikuwa imempanda kichwani na ilibidi aongezewe damu.

Malaria si habari mpya Muheza. Kilichonishtua ni chupa ndogo ya plastiki niliyoiona dirishani, ndani yake mafuta ya kijani yenye harufu nzuri ya mchaichai. Karatasi iliyobandikwa ilisema hayo ni mafuta asilia ya kufukuza mbu, yaliyotengenezwa kwa mimea kwa asilimia 100. Mwisho wa maelezo. Hakukuwa na jina la mtengenezaji, kiasi cha mafuta halisi kilichomo, wala muda ambao mtu akijipaka anaweza kukaa bila kuumwa.

"Mwanangu, yule kijana pale stendi aliniambia haya ni majani matupu, hayana kemikali, ukimpaka mtoto jioni mbu hamgusi mpaka asubuhi," shangazi aliniambia. "Na chandarua kilikuwa kimeshachanika, basi nikakitoa nikafunikia vifaranga."

Ndugu msomaji, simlaumu shangazi, kwani alinunua alichouziwa. Wala sitaki kuungana na wale wanaobeza kila dawa inayotokana na mti, kwa sababu dunia nzima imekuwa ikitumia ua linalolimwa katika milima yetu kuua mbu kabla hata DDT haijajulikana. Hoja yangu ni kwamba mafuta ya mimea tunayauza na kuyanunua kwa maneno. Mkulima hajui ua lake lina sumu kiasi gani, na mnunuzi wa chupa hajui inamlinda kwa saa ngapi. Kwa wa kwanza hasara ni ya fedha. Kwa wa pili, kama nilivyoona barazani kwa shangazi, hasara inaweza kuwa ya uhai.

Ua linaloua mbu

Tuanze na pareto, maana ndiyo mfalme wa mimea ya kuua wadudu. Ua hili jeupe lenye kitovu cha njano lilitoka pwani ya Dalmatia, ng'ambo ya Italia, na likaingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Hapa kwetu linalimwa katika nyanda za baridi, kama vile Mufindi na Kilolo mkoani Iringa, Makete mkoani Njombe, na kwenye miinuko ya Mbeya. Linapenda baridi, kwa sababu baridi ya usiku ndiyo inayolifanya litoe maua mengi.

Sumu ya pareto huitwa pairethrini, na sehemu kubwa inakaa kwenye mbegu changa zilizo ndani ya kitovu cha ua. Maua yakishakaushwa hupelekwa kiwandani, kama kile cha Mafinga, ambako hukamuliwa kwa kemikali inayoyeyusha mafuta na kutoa utomvu mzito. Utomvu huo husafishwa na kuchanganywa kuwa dawa za kupulizia nyumbani, ghalani na shambani. Hata mashudu yanayobaki yana kazi, kwani husagwa na kutumika katika dawa za mbu za kuchoma na hata katika chakula cha mifugo.

Pairethrini hushambulia mishipa ya fahamu ya mdudu na kumwangusha katika muda mfupi sana. Kwa binadamu na mifugo madhara yake ni madogo, na ikipigwa na mwanga wa jua inaharibika katika muda wa saa chache, hivyo haiachi masalia kwa miaka kama DDT. Lakini asidanganywe mtu kwamba haina madhara kabisa. Inaua samaki na nyuki, kwa hiyo si dawa ya kumwaga bwawani wala ya kupulizia kwenye maua mchana.

Udhaifu huo wa kuharibika juani ndio uliowafanya wanakemia watafute dawa ya kufanana nayo iliyo imara zaidi. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake katika kituo cha Rothamsted, Uingereza, walitangaza permethrini, dawa iliyobuniwa kwa kuiga umbo la sumu ya pareto. Kutoka hapo kikazaliwa kizazi kizima cha pairethroidi, ambazo ndizo zilizotiwa kwenye vyandarua vya Afrika. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kutengeneza vyandarua vya kudumu kwa teknolojia ya kampuni ya Sumitomo ya Japani. Chandarua kinafumwa Arusha, lakini dawa yake chimbuko lake ni maabara za ng'ambo zilizojifunza kutoka kwenye ua kama la Makete. Sisi tumebaki wauza maua.

Mafuta ya ufuta na usugu wa mbu

Kuna jambo moja ambalo wakulima wa Lindi na Mtwara wanastahili kulijua. Mwaka 1940 iligunduliwa nchini Marekani kwamba mafuta ya ufuta yakichanganywa na pareto, pareto hiyo inaua zaidi. Ufuta peke yake hauui mbu. Kinachotokea ni kwamba ndani ya mwili wa mdudu kuna vimeng'enya vinavyoivunja sumu, na kiambata kilichomo kwenye ufuta huvizuia visifanye kazi hiyo, hivyo sumu inabaki na makali yake.

Kutokana na ugunduzi huo wanakemia waliendelea kutafuta, na mwaka 1947 wakapata kitu chenye nguvu zaidi kiitwacho piperonili butoksaidi, kwa kifupi PBO, ambacho kilitengenezwa kutokana na safroli, mafuta ya mti wa sasafrasi. Miaka 70 baadaye kitu hicho hicho kimekuja kutusaidia sisi. Mbu wa Afrika walipojenga usugu dhidi ya pairethroidi, watafiti walifanya majaribio wilayani Muleba, mkoani Kagera, kuanzia mwaka 2014 wakitumia vyandarua vilivyoongezwa PBO. Watoto katika vijiji vilivyopata vyandarua hivyo walipatikana na malaria kwa kiwango kidogo kuliko wenzao wenye vyandarua vya kawaida. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likapendekeza vitumike pale ambapo usugu umethibitika.

Nimeieleza habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, inaonyesha kwamba maarifa ya mafuta ya mimea si mambo ya kale, bali yamo ndani ya vyandarua tunavyolalia leo. Pili, inafuta uongo unaosikika mara kwa mara, kwamba dawa ikiwa ya asili mbu hawezi kuizoea. Mbu aliyezoea permethrini mara nyingi anaistahimili na pareto halisi, maana dawa hizo ni ndugu na zinampiga mahali pale pale. Anayewauzia watu pareto kwa kusema ni dawa isiyo na usugu anauza maneno.

Kila mafuta na kazi yake

Kosa kubwa tunalofanya ni kuyaweka mafuta yote ya mimea katika kapu moja na kuyaita dawa ya mbu. Yapo yanayoua mbu mkubwa, yapo yanayoharibu viluilui majini, na yapo yanayomfanya mbu asikusogelee kwa muda. Hizo ni kazi tatu tofauti.

Mwarobaini, ambao umejaa Dodoma, Tabora na pwani yote, ni mzuri katika kazi ya pili. Mafuta yanayokamuliwa kwenye kokwa zake yana kiambata kiitwacho azadiraktini, ambacho huvuruga ukuaji wa mdudu hata ashindwe kujivua gamba na kuwa mbu kamili. Kwa dimbwi dogo linalojulikana, kazi hiyo ina maana. Lakini azadiraktini nayo huharibiwa na jua, kwa hiyo dawa lazima irudiwe, na kokwa zikianikwa vibaya zikaota ukungu zinapata sumukuvu. Aidha, mafuta haya yasinyweshwe mtoto hata kidogo, kwani watoto wachanga wamewahi kupata sumu kwa kunyweshwa.

Mchaichai na ndugu yake sitronela wako katika kazi ya tatu. Harufu yao kweli inamkera mbu. Tatizo ni kwamba mafuta yake hupaa haraka kutoka kwenye ngozi. Mwaka 2002 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya kulinganisha dawa za kujipaka zilizokuwa sokoni Marekani. Dawa yenye DEET ya asilimia 23.8 ilimlinda mtu kwa saa 5. Dawa yenye mafuta ya soya ya asilimia 2 ilimlinda kwa takriban saa 1 na nusu. Dawa za sitronela zilizopimwa pale hazikufikisha dakika 20.

Dakika 20! Shangazi yangu aliambiwa mpaka asubuhi.

Karafuu ina nguvu zaidi. Mafuta yake yakitumika bila kuchanganywa yanaweza kumzuia mbu kwa saa 2 au zaidi, lakini yakiwa makali hivyo yanaunguza ngozi, na yakipunguzwa makali na muda unapungua. Zanzibar hawako nyuma katika jambo hili. Pale Wawi, Chake Chake, kisiwani Pemba, kipo kiwanda kilichojengwa kwa ajili ya kutoa mafuta ya makonyo ya karafuu, yaani vikonyo ambavyo vingetupwa. Huo ni mfano mzuri wa kupata mali kwenye takataka.

Mkaratusi ndio unaonipa matumaini makubwa kuliko yote, na ndio unaoeleweka vibaya kuliko yote. Upo mkaratusi wenye harufu ya limao. Mafuta yake yakichakatwa hutoa kitu kiitwacho PMD, ambacho mwaka 2005 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilikiweka katika orodha ya dawa za kujipaka zinazopendekezwa. Kati ya dawa za kujipaka zinazotoka kwenye mimea, hii ndiyo iliyokaribia DEET, ingawa watoto wa chini ya miaka 3 hawaruhusiwi kupakwa. Lakini mkaratusi huo si ule wa nguzo za umeme uliopandwa kila kilima, na mafuta ghafi si sawa na yaliyochakatwa. Kuning'iniza matawi ya mkaratusi wowote sebuleni na kuondoa chandarua ni kucheza na moto.

Chandarua hakifiki jikoni

Baada ya maneno hayo msomaji anaweza kuuliza, kama ni hivyo mafuta haya yana faida gani? Yana faida kubwa, ila lazima tuseme ni wapi.

Chandarua kinamlinda mtu aliyelala. Hakimlindi mama anayepika nje saa 1 jioni, mvuvi anayesubiri nyavu, mlinzi wa usiku, wala wanafunzi wanaojisomea barazani. Tena, Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa ya dengue mwaka 2014 na mwaka 2019, na mbu anayeieneza anauma mchana, wakati chandarua kimekunjwa. Saa hizo za nje ya chandarua ndizo soko halali la mafuta ya kujipaka, na ni soko kubwa.

Hata hapo kuna jambo la kuangalia. Utafiti uliofanywa na wataalamu wa Ifakara na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba pale ambapo baadhi ya nyumba zinatumia dawa ya kujipaka na nyingine hazitumii, mbu wanaofukuzwa huhamia kwa wale wasiojipaka. Kwa maneno mengine, anayejipaka anaweza kumpelekea mbu jirani yake asiye na uwezo wa kununua. Dawa inayofukuza bila kuua inafaa itumiwe na kijiji kizima, na chandarua kibaki pale pale.

Hesabu za mkulima

Sasa tuje kwenye fedha, maana ukurasa huu ni wa wakulima na wafanyabiashara.

Kila mwaka utawasikia watu wakihamasisha vikundi vipande mchaichai kwa kuwa mafuta yake yanauzwa ghali kwa lita. Ni kweli yanauzwa ghali, na sababu yake ni hii: kilo 100 za majani mabichi hazitoi hata nusu kilo ya mafuta. Majani hayo lazima yakatwe, yasombwe, yajazwe kwenye pipa, na mvuke upitishwe kwa muda mrefu. Mvuke unataka kuni na maji mengi ya kupoozea. Kikundi kisichohesabu kuni na usafiri kitajikuta kinauza mafuta ghali huku kikiendelea kuwa maskini, na msitu wa kijiji ukiwa umekwisha.

Pareto nayo ina hesabu zake. Kilo 4 hadi 5 za maua mabichi ndizo zinazotoa kilo 1 ya maua makavu. Katika maua makavu, pairethrini ni kati ya asilimia 1 na 2 tu. Sasa chukua wakulima wawili, kila mmoja ana kilo 100 za maua makavu. Wa kwanza alichuma maua yakiwa bado machanga, akayarundika usiku yakachemka, kisha akayaanika siku nyingi juani, na maua yake yana asilimia 1. Wa pili alichuma kwa wakati, akatandaza kwenye kichanja na kukausha upesi, na maua yake yana asilimia 1.8. Wa kwanza amepeleka kiwandani kilo 1 ya sumu na wa pili amepeleka karibu kilo 2, na bado kwenye mizani ya kijijini magunia yao yana uzito sawa.

Rafiki yangu mmoja anayelima pareto Makete ameniambia kuwa kwa miaka kadhaa alimuuzia mnunuzi aliyekuwa akitia mkono ndani ya gunia, akinusa, kisha akitaja daraja. Siku alipouliza asilimia ilikuwa ngapi aliambiwa kama hataki apeleke kwingine. "Kuanzia hapo nikaacha kujisumbua na kichanja," alisema. "Nianike vizuri kwa faida ya nani?"

Hapo ndipo penye kidonda. Malipo yasiyofuata kipimo yanamfundisha mkulima mzuri kuwa mkulima mbaya. Maua mabaya yanaongeza gharama za kiwanda, kiwanda kinashusha bei, mkulima anang'oa pareto na kupanda viazi.

Majirani zetu Wakenya wameshaipitia njia ya namna hiyo. Walikuwa wakitoa zaidi ya nusu ya pareto yote ya dunia. Kisha malipo ya wakulima yakaanza kucheleweshwa, miezi ikawa miaka, na wakulima wakang'oa. Sheria mpya ya mwaka 2013 ililegeza soko na kuruhusu kampuni binafsi, lakini wakati huo jimbo la Tasmania nchini Australia lilikuwa limeshachukua wateja. Australia haina vibarua wa bei nafuu kuliko sisi. Ilichokuwa nacho ni mashine, mbegu iliyochaguliwa na maabara inayojua kila shamba limetoa nini.

Neno 'asilia' halitoshi

Kuna watakaosema kwamba kudai vipimo na usajili ni kuwabana wajasiriamali wadogo. Naielewa hoja hiyo. Mama anayekamua mwarobaini jikoni hawezi kulipia majaribio ya mamilioni, na sheria ikitumika kama rungu itawaacha waagizaji wa dawa za nje peke yao sokoni.

Lakini jibu la tatizo hilo haliwezi kuwa kumwacha kila mtu auze chupa isiyo na maelezo. Mtu akinunua embe bovu atalitupa. Akinunua dawa ya mbu isiyofanya kazi hatajua mpaka homa imeshapanda, na hata hapo atadhani ni bahati mbaya. Ndiyo maana bidhaa hii haiwezi kuachiwa soko lijisahihishe lenyewe. Tena wauzaji waongo ndio wanaowaharibia wakweli, kwani aliyechomwa na chupa ya stendi hatanunua hata ile iliyopimwa.

Na mfano wa kwamba inawezekana tunao karibu. Pembezoni mwa msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, wakulima wa kikundi cha Muliru walianza kulima mmea wa jamii ya kivumbasi, wakatoa mafuta kwa mvuke na kutengeneza dawa ya kupaka iitwayo Naturub. Nyuma yao walikuwapo wataalamu wa taasisi ya wadudu ya ICIPE ya Nairobi. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wanakijiji walitoa ardhi na nguvu, na maabara ikatoa uhakika. Hakuna upande ambao ungefika mbali peke yake.

Nini kifanyike

Kwanza, kila mnunuzi wa pareto ampatie mkulima karatasi yenye mambo matatu: uzito, asilimia ya pairethrini na bei iliyotokana na asilimia hiyo. Kama haiwezekani kupima gunia la mtu mmoja, lipimwe fungu la kikundi, na sampuli moja ibaki kwa chama cha ushirika ikiwa imefungwa kwa lakiri. Bodi ya Pareto ina mamlaka ya kulisimamia jambo hilo.

Pili, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ambayo kwa sheria ya mwaka 2020 ilirithi kazi za TPRI, ishirikiane na TBS kuweka ngazi ya usajili inayomfaa mzalishaji mdogo wa dawa za mbu za mimea. Ada iwe ndogo na majaribio yafanywe kwa pamoja. Vikundi 10 vinavyotoa mafuta ya aina moja kwa njia moja havina sababu ya kulipia majaribio 10. Lakini lebo iwe ya lazima: jina la mmea, asilimia ya mafuta, muda wa kinga uliothibitishwa, umri wa mtoto asiyeruhusiwa, na sentensi moja kwa herufi kubwa isemayo kwamba dawa hii haichukui nafasi ya chandarua.

Tatu, Ifakara, Muheza na Amani kuna wataalamu waliotumia maisha yao kupima dawa za mbu kwa ajili ya kampuni na mashirika ya dunia nzima. Itakuwa aibu kama mkulima wa mchaichai anayeishi mwendo wa baiskeli kutoka kwao hawezi kupimiwa chupa yake.

Nne, wewe mkulima usipande hekari ya mchaichai, mkaratusi au mmea mwingine wowote wa mafuta kwa sababu ya semina. Muulize anayekuhamasisha nani atanunua, kwa kipimo gani, na nani atalipa gharama za kukamua. Akijibu kwa hadithi ya mtu aliyetajirika mkoa mwingine, mshukuru, kisha urudi kwenye mahindi yako.

Tano, wewe mnunuzi usikubali chupa isiyosema saa. Muulize muuzaji: hii inanilinda kwa muda gani? Akikuambia usiku kucha, irudishe.

Siku niliyoondoka Muheza nilikwenda dukani nikanunua chandarua kipya, nikakifunga mwenyewe juu ya kitanda cha yule mtoto. Shangazi aliichukua ile chupa ya kijani akaniuliza aitupe au aiweke. Nilimwambia aiweke, ajipake anapokaa nje jioni kupepeta mchele, na akisikia mbu amemgusa ajipake tena, kisha akiingia ndani alale kwenye chandarua.

"Kumbe ndivyo ilivyokuwa?" aliuliza. "Mbona kwenye chupa hawakuandika?"

Swali hilo la shangazi ndilo ninalowaachia wakubwa wa bodi, wa mamlaka na wa viwanda. Mbona hawakuandika?